Ramani Iliyokatwa Ovaroli

Mama Pindo alipoikata barabara mpya kwa mkasi, hakuwa na ugomvi na serikali wala na mtu yeyote. Alikuwa na haraka, basi. Ovaroli ishirini na nne za vibarua wa barabara hiyo hiyo zilitakiwa Jumatatu, siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, na karatasi yake ya zamani ya kukatia ilikuwa imelika kingo mpaka suruali zilianza kutoka mguu mmoja mpana kuliko mwenzake. Wiki nzima alikuwa amemsumbua mumewe amletee karatasi kubwa, ngumu. Mchana ule mume akaingia mbio, akabwaga mezani karatasi mbili zilizoviringwa, akanyakua sanduku lake la spana na kutoka mbio vile vile.

"Bomba limepasuka kule zahanati!" alisema akiwa keshafika mlangoni. "Karatasi yako hiyo mezani!"

"Ipi sasa? Ziko mbili!"

Lakini fundi bomba akiitwa na maji hasikii la mkewe. Mama Pindo akazipapasa zote mbili. Moja ilikuwa laini, ya kufungia mizigo. Nyingine ilikuwa nene, mgongo wake mweupe pe. Fundi mwenye akili zake angechukua ipi? Akaitandaza upande mweupe juu, akaikunja katikati kwa urefu, akapitisha mkasi kwenye mkunjo, kisha akachora mguu wa mbele, mguu wa nyuma, mgongo na mkono, akakata huku anaimba.

Na kwa nini asiimbe? Wiki ile mtaa mzima ulikuwa na homa ya furaha. Lami inakuja! Miaka nenda miaka rudi walikuwa wamekula vumbi la malori yanayokatiza mtaani kwenda viwandani, na sasa kulikuwa na habari za taa, za mitaro yenye mifuniko, za barabara mtu anayoweza kuitembea na viatu vyeupe. Kinyozi wa jirani alikuwa amekwisha kupaka kibanda chake rangi hata greda halijafika. Watu walikuwa wanapeana hongera njiani utadhani mtaa umejifungua. Mume wa Mama Pindo ndiye mwenyekiti wa mtaa, na ndiye aliyekabidhiwa ramani ya mradi kwa saini, awaonyeshe wananchi, akusanye maoni yao, airudishe mkutanoni Ijumaa. Kila aliyemuuliza alipewa jibu moja: "Ramani nzuri sana. Safi kabisa."

Mama Pindo alishonea kibarazani, na pembeni yake, kwenye kiti cha nyuzi za plastiki, alikaa mama mkwe wake, Bibi, tangu chai ya asubuhi mpaka jua linapopungua ukali. Bibi alikuwa na kazi moja, na hakuna aliyethubutu kuidharau. Ng'ambo ya barabara, kwenye kibaraza kingine, alikaa rafiki yake wa tangu usichana, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi wa Ng'ambo. Magoti ya mmoja yalikuwa yamegoma, macho ya mwingine yalikuwa yanazima, na malori hayamsubiri mtu. Miaka mitatu walikuwa hawajashikana mikono. Kila asubuhi Bibi alipunga mtandio wake mwekundu, na mwenzake, ambaye rangi hiyo ndiyo pekee aliyoiona vizuri, alijibu kwa kuinua mkongojo. Siku ambayo mkongojo hauinuki, mtu alitumwa avuke haraka akaangalie kuna nini.

Saa tisa akarudi binti yao kutoka shule. Walimwita Kasuku kwa sababu tangu ajue kusoma hakupita ubao, gunia wala pakiti ya chumvi bila kusoma kwa sauti. Akaokota kipande kimoja sakafuni, akakigeuza.

"Mama," alisema, "huu mguu una jina la mtaa wetu."

"Mguu gani tena?"

"Huu wa mbele. Na hapa kwenye paja kuna shule ya msingi. Na hii nembo si ya halmashauri?"

Mama Pindo aliinuka kwenye kigoda, mkasi ukamponyoka. Akageuza mguu wa nyuma, akageuza mgongo, akageuza mkono. Mistari, rangi, mihuri. "Mungu wangu," alisema kwa sauti ndogo. "Nimekata mali ya serikali."

"Umeikata vizuri lakini," alisema Kasuku. "Imenyooka."

"Nyamaza, mwana wewe! Panga hapa chini tuone kama kuna kilichopotea."

Wakavipanga vipande sakafuni kimoja baada ya kingine, Bibi akiwaangalia kutoka kwenye kiti chake na kuuliza kulikoni. Hakuna kilichopotea. Na kwa kuwa ramani ilikuwa sasa imelala wazi mbele yake, Kasuku hakuweza kujizuia, akaanza kuisoma.

"Barabara njia sita. Maegesho ya magari. Mama, nyumba yetu ndiyo hii hapa, kwenye goti. Maegesho yanafika mpaka mlangoni. Kibaraza hakipo."

"Hakipo vipi?"

"Hakipo, mama. Na hapa katikati ya barabara, mulemule ulimopitisha mkasi, wameandika: ukuta wa zege, mita moja na nusu, kuzuia waenda kwa miguu wasivuke. Wavukie darajani."

"Daraja liko wapi?"

Kasuku akatafuta. Halikuwa kwenye mgongo, halikuwa kwenye miguu. "Liko kwenye mkono," alisema mwishowe. "Karibu na kifundo. Mita mia saba kutoka hapa. Ngazi arobaini na mbili kupanda."

Mama Pindo akavuta futi yake ya kupimia kutoka shingoni, akamsimamisha binti wima na kumpima tangu kisigino hadi utosini. Mita moja na nusu kamili. "Nenda kasimame pale mbele ya Bibi," alisema.

Kasuku akaenda.

"Mama, unamwona mwenzako ng'ambo?" Mama Pindo alimwuliza mkwewe.

Bibi akakodoa macho. "Naona tumbo la mjukuu wangu," alisema. "Na shati halijafuliwa. Kwani mnanifanyia nini?"

Mama Pindo aliuona mtandio mwekundu ukiwa umelala kwenye mapaja ya mama mkwe wake, na moyo ukamwuma kweli kweli. Wiki nzima walikuwa wamepeana hongera kwa ukuta.

*

Mwenyekiti alirudi saa kumi, nguo zinachuruzika maji, mkononi spana, usoni furaha ya mtu aliyelishinda bomba. Alipoona sakafu, spana ilidondoka.

"Umefanya nini?"

"Nimekata suruali."

"Umekata ramani! Mama Pindo, hiyo nimeisainia! Kesho saa nne natakiwa niisimamishe mbele ya halmashauri! Watasema tumeichana makusudi. Watasema mwenyekiti ni mpinga maendeleo!"

"Ramani nzuri sana," alisema mkewe. "Safi kabisa. Si ndivyo ulivyowaambia watu?"

"Ndiyo, niliwaambia."

"Ukuta uliuona?"

Maji yalitona kutoka kwenye kiwiko cha Mwenyekiti mpaka kwenye shule ya msingi, naye akaifuta haraka kwa kidole cha mguu.

"Baba Kasuku, nakuuliza. Uliuona?"

Akakaa chini kwenye kizingiti. Mtu mzima, anayeheshimika, anayesuluhisha magomvi ya mtaa mzima, akaanza kuchezea kamba ya kiatu. "Niliifungua," alisema. "Nikaona mistari. Mistari mingi, na namba. Yule mhandisi aliniuliza, 'Umeelewa, mwenyekiti?' Na watu wamenizunguka. Ungekuwa wewe ungesema nini? Nikasema nimeelewa. Nikaiviringa. Tangu siku hiyo sijaifungua tena."

"Kuuliza si ujinga, mwanangu," alisema Bibi kutoka kibarazani. Kumbe alikuwa anasikia kila kitu.

Mama Pindo alikuwa na maneno mengi ya kusema, na mdomo anao. Lakini alimtazama mumewe pale kizingitini, akaona aibu imeshamtosha. "Haya," alisema. "Mimi nimeikata, wewe hukuisoma. Tumelingana. Sasa inuka unishikie hicho kipande, kesho si mbali."

Kama mnashangaa alivyolipata jina, basi ni hapo. Kwa Mama Pindo hapakuwa na balaa lisilokunjika pindo. Nguo ndefu, pindo. Nguo fupi, toa pindo la zamani. Mume amekasirika, chai ya moto, halafu pindo. Gundi ilikuwa imekaukia kwenye kopo, kwa hiyo akalegeza uzi, akarefusha hatua ya mshono, akaingiza ramani ya halmashauri chini ya sindano. Uzi uliokuwemo ulikuwa wa bluu, ule ule wa ovaroli. Akakanyaga. Jua lilikuwa bado lipo, na malori yalikuwa yanapita, na Kasuku alikuwa ameshika upande mmoja kama anayebeba shela la bi harusi.

Mkono wa fundi lakini una mazoea yake, na mazoea hayaulizi. Miaka ishirini na mitano Mama Pindo hakuwahi kushona ukingoni kabisa; kila mara huacha upana wa kidole upande huu na upana wa kidole upande ule, mshono usije ukafumuka. Na ndivyo alivyoshona. Alipomaliza, akaitandaza mezani, akaipigapiga kwa kiganja.

Mwenyekiti aliinama. Akainuka. Akainama tena. "Mke wangu," alisema, "barabara umeimeza."

Ni kweli. Mkasi ulikuwa umepita katikati ya barabara, na mshono ulikuwa umekula kidole upande huu na kidole upande ule. Njia sita zilibaki mbili. Ukuta wote ulikuwa umezama ndani ya mshono, hauonekani hata ukiutafuta. Mshono mwingine, uliounganisha mguu na mgongo, ulikuwa umelamba maegesho. Nyumba za upande huu na nyumba za ng'ambo zilikuwa zinatazamana kwa karibu, na katikati yake ulipita uzi wa bluu.

"Nifumue?" aliuliza Mama Pindo, mkono ukiwa tayari kwenye mkasi.

Bibi alikuwa ameomba aletewe aone. Akavaa miwani, akasogeza kidole taratibu juu ya karatasi. "Hapa ni kwetu?"

"Hapo hapo, Bibi," alisema Kasuku.

"Na hapa kwa mwenzangu?"

"Hapo."

"Aa! Mbona karibu hivi." Bibi akacheka, meno yake matatu yote yakaonekana. "Hii mimi ningeweza. Hatua zangu kumi na moja, nikapumzika, kumi na moja tena, nikafika. Hii ndiyo ramani mnayoililia? Mbona nzuri!"

Mume na mke wakatazamana. Mama Pindo akaichukua ramani, akaiviringa.

"Haifumuliwi," alisema.

*

Ukumbi wa shule ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Mbele kulikuwa na meza, na mezani watu wawili: mhandisi wa mradi, mwanamume mnene mwenye sauti ya kuamuru, na afisa mipango miji, binti mdogo mwenye daftari lililochakaa. Mhandisi alieleza mambo makubwa kwa dakika arobaini, watu wakapiga makofi kila aliposema lami. Kisha akanyoosha mkono. "Mwenyekiti, ramani yetu, na maoni ya wananchi."

Mwenyekiti akaifungua juu ya meza.

Kinyozi, aliyekuwa mstari wa mbele, akasema, "Jamani, ramani imevaa ovaroli!" Ukumbi ukalipuka. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega, na Mwenyekiti alikuwa amesimama katikati ya kicheko hicho, jasho linamtiririka.

"Hii ni hati ya serikali!" alifoka mhandisi. "Mnaleta mchezo na maendeleo? Nani amefanya hivi?"

"Mimi ndiye mwenye kosa," alisema Mwenyekiti. Akageukia watu. "Na si kosa la kuichana. Niliwaambia ramani ni nzuri, na sikuwa nimeisoma. Sikujua kuisoma, nikaona haya kuuliza. Kuna ukuta katikati ya barabara yetu, na vibaraza vyetu vinaondoka. Mnisamehe."

Kicheko kilikatika. Mahali pake paliingia mngurumo, ukuta gani, vibaraza vipi, na mhandisi akaanza kugonga meza kwa kalamu. Hapo ndipo Mama Pindo aliponyoosha mkono, na kwa kuwa hakuna aliyemruhusu, akasimama mwenyewe.

"Mhandisi, samahani. Hiyo suruali yako ulishonewa?"

"Suruali yangu inahusu nini hapa?"

"Nauliza tu, baba. Mimi ni fundi."

"Ya dukani."

"Ndiyo maana umeikanyaga tangu unaingia. Pindo la kulia limeshafumuka."

Mhandisi, masikini, akatazama chini. Ni kweli lilikuwa limefumuka. Ukumbi ukacheka upya, lakini Mama Pindo hakucheka. "Sikucheki," alisema. "Waliokata suruali hiyo hawakukuona. Walikata ya mtu yeyote, ndiyo maana haikukai. Mimi sijawahi kuweka mkasi kwenye kitambaa kabla sijampima mwenye mwili. Barabara hii ni nguo yetu, sisi ndio tutaivaa kila siku. Sasa nyinyi mlimpima nani?"

"Tulihesabu magari," alisema mhandisi. "Kitaalamu. Magari elfu sita na mia nne kwa siku. Ndipo tukapata njia sita."

"Na wanaovuka kwa miguu?"

Mhandisi akamgeukia afisa. Afisa akafungua daftari lake, akalifunga. "Hatukuwahesabu," alisema.

"Mimi nakaa barabarani na cherehani yangu," alisema Mama Pindo. "Nawaona. Watoto wa shule wanavuka. Wagonjwa wa zahanati wanavuka. Wateja wangu nusu yao wanatoka ng'ambo. Na mama mkwe wangu havuki, miaka mitatu sasa, anampungia mwenzake mtandio. Ukuta wenu una mita moja na nusu. Nimeupima kwa mwanangu. Akikaa kwenye kiti chake haoni kitu. Tunataka lami, mhandisi, wallahi tunaitaka! Lakini tukatieni kwa vipimo vyetu."

Sasa yule afisa mdogo alikuwa ameinuka kwenye kiti, anaipapasa ramani kwa vidole, anafuata ule mshono wa bluu toka mwanzo hadi mwisho. Macho yalikuwa yanamng'aa. "Mkuu," alimwambia mhandisi, "robo tatu ya hayo magari ni malori ya viwandani. Ile barabara ya nyuma, ya kupitia ghala la zamani... niliiandika kwenye ripoti yangu. Malori yakipita kule, hapa njia mbili zinatosha kabisa. Huyu mama ameshona kile nilichokuwa najaribu kuchora."

"Ripoti niliisoma," alisema mhandisi.

"Uliisoma yote?"

Mwenyekiti, ambaye alikuwa anaijua aibu hiyo tangu jana, alimwonea huruma. "Kuuliza si ujinga, mhandisi," alisema taratibu.

Mhandisi alivuta pumzi. Alitazama watu madirishani, akatazama suruali yake, akatazama mshono. "Jumamosi moja," alisema. "Siku moja tu. Malori tutayapitisha nyuma, hapa tutaweka mapipa na kamba, njia mbili. Tutahesabu magari na watu. Ikishindikana, ukuta unajengwa na sitaki kusikia neno."

Makofi yaliyopigwa hapo hayakuwa yale ya lami. Paa la bati lilitikisika.

*

Alhamisi iliyofuata afisa alikuja kibarazani na daftari lake. Alitaka kujua mapipa yakae wapi, na vitabu vyake vilimwagiza atumie hatua ya mtu mzima mwenye afya.

"Mwenye afya atavuka popote," alisema Mama Pindo. "Pima huyu."

Basi wakampima Bibi. Walimwinua kwenye kiti, mmoja huku mmoja huku, wakamtembeza kibarazani huku Mama Pindo amepiga magoti na futi yake nyuma ya visigino. Sentimita thelathini na tano hatua moja. Hatua kumi na moja, na pale pale Bibi akasema, "Hapa ndipo ninapochoka." Mita tatu na sentimita themanini na tano. Afisa aliandika kwa makini kuliko alivyoandika kitu kingine chochote mwaka ule.

"Bibi, tutakuwekea benchi katikati ya barabara."

"Katikati ya barabara?" Bibi alimtazama binti wa watu kwa mashaka. "Wewe mwanangu umekula leo?"

Jumamosi ilipofika, mtaa uliamka kabla ya jogoo. Vibarua walifika na ovaroli zao mpya za bluu, zilizokatiwa ile karatasi ya kufungia mizigo, mguu wa kulia na wa kushoto sawasawa, wakapanga mapipa, wakafunga kamba, wakachora mistari kwa chokaa. Mwenyekiti alikuwa kila mahali na spana ambayo hakuna aliyejua ni ya nini. Kinyozi alitoa kiti chake cha kunyolea nje kabisa, akanyoa mtu hadharani. Ilipofika saa tatu ndipo watu walipotambua kitu cha ajabu, wakaanza kuambizana kwa kunong'ona kwanza, kisha kwa sauti: walikuwa wanasikiana. Hakuna lori. Mtu alikuwa anaita ng'ambo, na ng'ambo wanamjibu.

Na magari madogo yalipita, tena bila shida, polepole, madereva wakishangaa na wengine wakisimama kununua matunda. Watoto waligundua kuwa chokaa huchora, wakajaza michoro. Mhandisi alikaa chini ya mwavuli na kibao cha kuhesabia, afisa upande wa pili na cha kwake.

Saa nne Bibi akasema, "Nipeni mtandio wangu."

Alivuka kwa miguu yake. Mama Pindo alimfuata nyuma, mikono tayari, lakini hakumgusa. Moja, mbili, tatu. Kasuku alikuwa anahesabu kwa sauti, na watoto wakapokea, na baadaye watu wazima, hata Kinyozi na mteja wake aliyenyolewa nusu. Kumi, kumi na moja! Bibi akaketi kwenye benchi katikati ya barabara kuu, akatazama kushoto na kulia kama malkia, akafuta jasho. "Bado," aliwaambia. "Msinipigie makofi, sijafika."

Ng'ambo, mkongojo ulikuwa umeinuliwa juu na haukushushwa.

Zikabaki kumi na moja nyingine. Bibi wa Ng'ambo hakuona vizuri nani anakuja, aliona wekundu tu, na wekundu ule ukawa mkubwa, ukazidi kuwa mkubwa, mpaka ukamfunika uso. Walishikana. Hawakulia mara moja. Kwanza waligombana.

"Umechelewa," alisema Bibi wa Ng'ambo.

"Na wewe umekonda. Hawakulishi?"

"Wananilisha. Wewe mbona unanuka mafuta ya cherehani?"

Hapo ndipo walipolia, na Mama Pindo naye, na Mwenyekiti akaenda kukagua bomba ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Mchana mhandisi alisimama chini ya mwavuli wake, akaja mpaka kwenye cherehani. Pindo lake la kulia lilikuwa bado limefumuka. "Watu elfu moja na mia tisa wamevuka," alisema, "na siku haijaisha. Magari hayakukwama hata mara moja. Nimehesabu mara mbili." Akakwaruza kidevu. "Ile ramani yako iliyoshonwa bado unayo? Niichukue ofisini. Ukuta hauwezi kukaa hapa. Nitasaini mwenyewe uondoke."

"Utaichukua," alisema Mama Pindo, akavuta futi yake shingoni. "Lakini kwanza panda hapo kwenye kigoda nikupime hiyo suruali."

Alikuwa na pini mdomoni aliposikia anaitwa. Sauti ilitoka ng'ambo, sauti ya mzee, haikupigwa kelele hata kidogo, na ilimfikia neno kwa neno.

"Mama Pindo! Niletee kiti changu. Leo nakaa upande huu."

Akakibeba kile kiti cha nyuzi za plastiki, akakiweka kichwani. Kwenye ukingo wa barabara akasimama kwa mazoea, akatazama kulia, akatazama kushoto. Hapakuwa na kitu kinachokuja, ila mpira wa watoto. Akavuka.